Mashindano ya hatua kwenye baiskeli ya ndani: aina tatu na namna ya kuchagua

Mtu anayetaka kushiriki mashindano ya hatua, yaani mbio zilizogawanywa katika sehemu kadhaa za siku tofauti, akiwa ndani, baiskeli imefungwa kwenye mashine na skrini iko mbele yake, kwa kawaida huanza kwa kuuliza kuhusu programu na mashine. Ni maswali ya haki na tutayafikia. Lakini lipo swali linalostahili kutangulia: siku ikiharibika, mashindano haya yatanifanya nini? Intaneti ikikatika dakika ya thelathini, mtoto akipatwa na homa usiku, miguu ikagoma siku ya pili, je, nitarudia hatua, nitapoteza dakika kadhaa, au nitakuwa nimefutwa kabisa kwenye msimamo?

Majibu yanatofautiana sana, na hapo ndipo panapoamuliwa kama utamaliza ukiwa na hamu ya kurudi au mashine itabaki kona ikikusanya vumbi. Hatua moja ya saa moja karibu kila mwenye afya na mazoezi kiasi anaiweza. Kinachowashinda watu ni hatua ya tatu au ya tano, baada ya mambo ya maisha kujipenyeza katikati. Kwa kipimo hicho, mashindano haya yanagawanyika makundi matatu: hatua za wiki, hatua za mfululizo, na ligi ya timu.

Hatua za wiki

Mfano unaojulikana zaidi ni Tour de Zwift, ya programu ya baiskeli za ndani iitwayo Zwift, ambayo kwa kawaida huanza Januari. Kila hatua hubaki wazi kwa siku kadhaa, na ndani ya siku hizo kuna nafasi nyingi za kuanza, usiku na mchana, kwa hiyo mfanyakazi wa zamu na mwenye watoto wadogo wote hupata saa yao. Hatua moja huwa na njia zaidi ya moja, fupi na ndefu, na ukichagua fupi hatua yako inahesabiwa vilevile. Mwishoni huwekwa siku za kufidia kwa waliokosa. Muda wa hatua ya kwanza haujumlishwi na wa hatua ya pili: unakamilisha zote, unapata jezi ya kuivalisha avata yako, yaani mwendeshaji anayekuwakilisha kwenye skrini, basi.

Siku mbaya hapa haikugharimu kitu zaidi ya jioni moja. Umeme ukikatika, unarudi kesho. Ndiyo maana naipendekeza aina hii kwa kila anayeanza, bila kusita, hata kama ni mwendeshaji hodari barabarani. Uhodari wa barabarani hauji wote ndani. Kuna mambo ya skrini ambayo lazima yajifunzwe, na heri kuyajifunza mahali ambapo kosa haliadhibiwi.

La kwanza ni mwanzo wa hatua. Barabarani kundi huondoka taratibu, watu wakizungumza. Kwenye skrini watu huanza kukanyaga kwa nguvu kabla saa haijafika sifuri, na dakika mbili tatu za mwanzo mara nyingi ndizo kali kuliko zote za nusu ya kwanza. Anayesubiri mwili upate joto baada ya kuanza hujikuta peke yake, na hapo shida yake ndiyo imeanza, kwa sababu programu hizi hukokotoa upepo. Kukaa nyuma ya wenzako kunaweza kukuokolea karibu robo ya nguvu, pengine zaidi kundi likiwa kubwa. Tena hakuna kona ya kuwapunguzia kasi walio mbele wala taa za barabarani za kuwasimamisha. Kundi likikuacha, limekuacha. Kwa hiyo pasha mwili moto dakika kumi na tano hadi ishirini kabla, uwe tayari unatoka jasho saa inapofika sifuri.

Udhaifu wa hatua za wiki ni wa aina mbili. Kwanza, hazikufundishi kuunga siku na siku. Ukipumzika siku nne kati ya hatua na hatua, hujui bado miguu yako itasema nini ukiamka asubuhi ya pili ya mashindano. Pili, uhuru wenyewe ni mtego kwa watu wa tabia fulani. Nafasi zikiwa nyingi, kila siku inakuwa na kesho yake, na ghafla wiki imekwisha. Kama unajijua kuwa mtu wa kusogezwa na ratiba, usijilaumu, ila chagua aina nyingine.

Hatua za mfululizo

Hapa ndipo penye mashindano ya hatua kwa maana kamili. Haute Route Watopia, kwa mfano, inayofanyika Watopia, dunia ya kubuni ya Zwift, imekuwa na hatua tatu za milima katika siku tatu zinazofuatana. Katika aina hii muda unajumlishwa. Kila sekunde uliyoipoteza siku ya kwanza unaibeba hadi siku ya tatu.

Ili kuelewa uzito wake, chukua mlima mmoja tu wa Zwift, Alpe du Zwift, ulioigwa kwa Alpe d'Huez ya Ufaransa. Una urefu wa kilomita 12.2, unapanda zaidi ya mita 1,000, una kona kali 21, na mwinuko wake wa wastani ni asilimia 8.5. Anayeweza kudumisha takribani wati 3.2 (wati ni kipimo cha nguvu ya kukanyaga) kwa kila kilo ya uzito wake huupanda kwa karibu saa moja. Mwenye wati 2 kwa kilo anazungumzia saa moja na nusu hivi. Sasa fikiria kuufikia ukiwa tayari umechoka na milima ya jana.

Siku mbaya kwenye aina hii ina bei, na bei yenyewe haina huruma. Mtandao ukikatika katikati ya mlima unaweza kuipoteza hatua nzima, na aliyekosa hatua moja hana jumla. Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha soma kanuni za waandaaji mpaka ujue mambo mawili: kama kila hatua ina nafasi zaidi ya moja ya kuanza ndani ya siku hiyo, na kama aliyetoka bila kumaliza anaruhusiwa kurudia. Baadhi huruhusu, baadhi hawaruhusu. Mahali pasipo na nafasi ya pili, unganisha kompyuta kwa waya badala ya kutegemea Wi-Fi, na zima masasisho yote ya programu tangu jana yake.

Lakini aina hii ina utamu ambao nyingine hazina, nao ni utamu wa hesabu. Siku ya kwanza unaamua ni kiasi gani cha nguvu utumie na ni kiasi gani uweke akiba, na uamuzi huo unaulipia au unaulipwa siku mbili baadaye. Mpandaji anayeanza mlima kwa wati zilizozidi uwezo wake, akashikilia dakika kumi kisha akaporomoka, hupoteza zaidi ya alichokipata, kwa sababu mlimani msaada wa kundi ni mdogo na kila mtu anabeba uzito wake. Shauri langu ni kupanda mlima wa siku ya kwanza ukiwa chini kidogo ya pale unapoona unaweza. Utapitwa na watu. Baadhi yao utawapita siku ya tatu.

Mengi ya siku ya pili huamuliwa jikoni na kitandani. Misuli huweka wanga kama akiba, na hatua ngumu ya saa mbili huila sehemu kubwa ya akiba hiyo. Kuijaza upya huchukua karibu siku nzima hata kwa anayekula vizuri, na mshiriki wa mfululizo ana saa zisizofika ishirini na nne. Kwa hiyo unaanza mara tu unaposhuka: wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza takribani gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya uzito wako kwa saa, katika saa nne za kwanza, pale ambapo muda wa kupona ni mfupi. Na ukiwa juu ya baiskeli, gramu 30 hadi 60 kwa saa, hadi 90 kwa aliyelizoesha tumbo lake. Usilijaribu jambo hili kwa mara ya kwanza siku ya mashindano, kwani tumbo nalo linahitaji mazoezi.

Halafu kuna joto, ambalo naliona kuwa adui mkubwa kuliko mlima wenyewe. Mwili hubadilisha takribani asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati inayotumika kuwa nguvu ya kukanyaga, na iliyobaki inatoka kama joto. Ukikanyaga wati 200, mwili unazalisha joto la wati 600 hadi 800 ambalo lazima liende mahali. Barabarani upepo wa mwendo wako unalichukua. Ndani husogei, hewa iliyokuzunguka inapata moto na unyevu, jasho linadondoka bila kukupoza, na moyo unapanda mapigo kwa wati zilezile. Dakika ya arobaini unadhani umeishiwa nguvu, kumbe mwili umekosa kupozwa. Feni moja kubwa ya kuelekea kifuani ni ya lazima, na ya pili ya kuelekea mgongoni si anasa. Ukiniuliza kama pesa za ziada ziende kwenye mashine bora au kwenye feni mbili, nitasema feni, kila mara.

Jambo dogo ambalo halisemwi sana ni kitako. Baiskeli iliyofungwa haiyumbi, kwa hiyo uzito unakaa palepale saa nzima. Siku moja inavumilika, lakini siku tatu mfululizo zinaleta vidonda. Inuka kwenye tandiko kila baada ya dakika kumi hivi, hata kama hujisikii kuinuka, na usirudie kaptula ya jana bila kuifua.

Ligi ya timu

Katika aina ya tatu hatua zinakuja mara moja kwa wiki, saa maalumu, na unashindana ukiwa ndani ya timu. Zwift Racing League ndiyo maarufu. Wiki moja ni mbio za kufika kwanza, nyingine ni za kukusanya alama kwenye vituo vya kasi na vilele, nyingine ni za timu kushindana na saa.

Siku mbaya hapa hugawanywa. Usipofika, mwenzako anaziba pengo, na ukichelewa, alama za wengine zinaibeba timu. Utaratibu huo hata waendeshaji wa kulipwa waliutumia. Julai 2020, Tour de France halisi ilipokuwa imeahirishwa kwa sababu ya korona, iliandaliwa Tour de France ya mtandaoni kwenye Zwift: hatua sita katika wikendi tatu, wanaume na wanawake wakipita njia zilezile kwa umbali uleule. Ushindi wa jumla ulihesabiwa kwa alama za timu, na timu ziliruhusiwa kubadilisha waendeshaji kati ya hatua na hatua. NTT Pro Cycling walishinda kwa wanaume, TIBCO-SVB kwa wanawake. Linalonivutia ni kwamba watu ambao kazi yao ni kuendesha siku ishirini na moja za Tour hawakutakiwa kubeba dakika zao kutoka hatua hadi hatua.

Ubaya wa ligi ni kwamba saa ni moja na watu wanakusubiri. Kama kazi yako inakushika bila taarifa, utawaangusha wenzako mara kwa mara, na hilo linauma kuliko kupoteza hatua yako mwenyewe. Pia ngazi ya timu inaweza isikufae. Kwa miaka mingi Zwift ilipanga watu kwa wati kwa kilo: A kuanzia 4.0, B kuanzia 3.2, C kuanzia 2.5, na D chini ya hapo, hesabu ikitegemea nguvu unayoweza kuidumisha muda mrefu. Mwenye kilo 70 na wati 210 ana 3.0, basi ni C. Siku hizi mashindano mengi yanatumia pia alama za matokeo yako ya nyuma, na naona ni haki zaidi, kwa sababu mtu mwepesi mwenye wati nzuri kwa kilo alikuwa akitupwa kwenye kundi la watu wazito wanaomwacha kwenye tambarare. Kabla ya kukubali mwaliko wa timu, uliza wanatumia kipimo kipi na wewe uko wapi ndani yake. Aliye mkiani mwa kundi lake kila wiki huchoka moyo kabla ya miguu.

Mashine

Sasa twende kwenye mashine, maana uamuzi wake unategemea aina uliyochagua.

Kuna mashine ambazo tairi la nyuma linakaa juu ya roli, yaani silinda ndogo inayozunguka, na kuna ambazo unatoa gurudumu la nyuma na kuifunga baiskeli moja kwa moja, mnyororo ukizungusha gia za mashine yenyewe. Za kwanza ni nyepesi, rahisi kukunja na za bei ya chini. Makadirio yake ya nguvu yanaweza kwenda pembeni kwa takribani asilimia 5, na hubadilika kadiri tairi linavyopata joto au kupungua upepo. Za pili kwa kawaida ziko ndani ya asilimia 1 au 2, hazipigi kelele sana, na hazili tairi.

Kwa hatua za wiki, ya roli inatosha kabisa. Hakuna anayekudai wati tano. Kwa mfululizo na ligi hesabu inabadilika: asilimia 5 ya wati 200 ni wati 10, na wati 10 kwenye mlima wa saa moja ni dakika kadhaa. Ukiwa na ya roli na unataka kushindana kwa haki, jaza upepo uleule kila mara, endesha dakika kumi kwanza, kisha uisawazishe kwa kupandisha kasi na kuacha gurudumu lipungue lenyewe hadi mashine ipate kipimo. Kipima nguvu kwenye pedali ni njia nyingine nzuri. Kuna pia mashine za kawaida zisizo na kompyuta, ambazo programu hukisia nguvu kutokana na kasi ya gurudumu. Zitakuingiza kwenye hatua za wiki bila shida, ila mashindano mengi yenye matokeo hayahesabu nguvu ya kukisia.

Mpangilio mmoja unawachanganya wengi: ule unaopunguza ukali wa mlima unaousikia miguuni. Kwenye Zwift huja ukiwa katikati. Ukiupunguza hupati mteremko wa bure, kwani wati zinazohitajika kwa kasi fulani ni zilezile. Kinachobadilika ni gia unayoitumia na jinsi mzigo unavyopanda na kushuka. Kwa baiskeli isiyo na gia nyepesi, upunguze bila aibu yoyote, hasa kwenye hatua za mfululizo ambako magoti yanahitaji kulindwa.

Na uzito wako uandike wa kweli. Kilo mbili za uongo mlimani ni wizi wa muda wa mwenzako, na programu inaamini unachoiandikia.

Programu

Hapa nitapita haraka, kwa sababu mara nyingi mashindano ndiyo yanayokuchagulia programu. Zwift ni ya malipo ya kila mwezi, ina watu wengi sana na dunia ya kubuni ya Watopia. Wingi wa watu una maana kubwa katika hatua za wiki, maana hata saa tisa usiku utapata kundi. ROUVY pia ni ya malipo, na inakupitisha kwenye video za barabara halisi, avata zikiwekwa juu yake. Anayejiandaa kwa mlima fulani wa kweli atafaidika. Makundi yake ni madogo, kwa hiyo jiandae kuwa peke yako zaidi. MyWhoosh haina malipo, na imekuwa ikitoa zawadi za pesa kwenye mbio zake. Ndiyo iliyoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za mtandaoni ya UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, mwaka 2024, baada ya matoleo matatu ya kwanza kufanyika Zwift. Kwa mwenye bajeti finyu, aanze hapo.

Kabla ya kujiandikisha

Kama hujawahi, ingia hatua za wiki na uzimalize zote, njia fupi ikibidi. Kama unapenda watu kuliko takwimu na una jioni moja ya uhakika kila wiki, tafuta timu. Kama kinachokuvuta ni mfululizo, jipime kwanza kwa wikendi ya kawaida isiyo na mashindano. Jumamosi endesha saa moja na nusu yenye mpando mrefu, feni zikiwa zimewashwa, ukila na kunywa kama ulivyopanga. Jumapili rudia njia ileile kwa wati zilezile, ukiwa na mkanda wa mapigo ya moyo. Kama ulizifikia wati za jana na moyo ukatulia karibu na pale ulipokuwa jana, jiandikishe. Kama moyo ulikataa kupanda na miguu ikawa mizito tangu dakika ya kwanza, bado hujapona. Moyo ukipanda sana kuliko jana, kagua kwanza joto la chumba na maji uliyokunywa. Badilisha kimoja kati ya chakula, usingizi na upepo wa feni, subiri wiki mbili, kisha ujipime tena.